Kuskani slaidi za zamani bila kufuta jina la kanga

Kabla ya kuulizia bei ya skana, kaa karibu na dirisha lenye mwanga na boksi lako la slaidi. Inua moja moja, itazame, uitenge. Boksi ambalo mzee alirudi nalo kutoka masomoni Ulaya, au lililobaki juu ya kabati pamoja na projekta isiyowaka tena, huwa na bawa la ndege mara kumi, maua, machweo na sanamu ambazo hakuna anayezikumbuka. Hizo zisubiri. Anza na watu, kisha mitaa na nyumba ambazo leo hazipo.

Usizitoe slaidi kwenye fremu zake za karatasi au plastiki bila kusoma kilichoandikwa. Fremu nyingi za Kodak zilipigwa muhuri wa mwezi na mwaka, lakini hiyo ni tarehe ya kusafishwa filamu, si ya kupigwa picha. Filamu iliweza kukaa miezi ndani ya kamera, kisha ikasafiri kwa posta hadi maabara. Kwa hiyo harusi ya Desemba inaweza kubeba muhuri wa Aprili. Andika pia aina ya filamu: Kodachrome, Ektachrome, Agfa, au ORWO iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki. Utaihitaji utakapofika kwenye rangi.

Usafi una hatari yake, hasa kwa sisi wa pwani ambako unyevunyevu hulea fangasi. Vumbi liondoe kwa kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi na brashi laini. Usipulize kwa mdomo, mate yataacha madoa. Fangasi utamtambua kwa nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Hapo maji ni marufuku: fangasi hula jelatini inayoshika picha na kuifanya iyeyuke kwenye maji, kwa hiyo ukifuta kwa kitambaa kibichi, picha itatoka nacho. Anayelazimika kufuta atumie spiriti ya isopropili ya asilimia 99, si ile ya asilimia 70 ya kutakasa mikono ambayo sehemu iliyobaki ni maji, na aijaribu kwanza kwenye slaidi ya maua. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza. Itenge na wenzake na uiskani leo.

Skana ya kawaida ya ofisini haitakusaidia, kwa sababu slaidi inahitaji mwanga upite ndani yake. Njia ziko tatu: skana bapa yenye taa kwenye mfuniko, kama Epson Perfection V600, skana ya filamu pekee, kama Plustek OpticFilm, au kamera yenye lenzi ya makro juu ya ubao wa taa. Mwenye kamera tayari na slaidi mamia atamaliza haraka zaidi kwa njia ya tatu. Atumie ISO 100, tundu la lenzi f/8, faili la RAW, kamera juu ya stendi, na taa za chumbani zizimwe. Ubao wa taa uwe na kipimo cha uaminifu wa rangi cha CRI kuanzia 95, la sivyo rangi nyekundu zitapauka. Upande wa slaidi unaong'aa utazame lenzi. Ule uliofifia ndio wenye picha yenyewe. Ukikosea, utayaona maandishi ya duka yamegeuka. Simu juu ya dirisha inatosha kwa kutuma kwenye kundi la familia na kuuliza "huyu nani?", haitoshi kwa kuhifadhi.

Swali linalosumbua wengi ni ubora wa kuskani. Picha ndani ya slaidi ya kawaida ina milimita 24 kwa 36 tu. Kwa doti 3000 kwa inchi utapata picha ya pikseli milioni 12 hivi. Kwa 4000, milioni 21. Ile namba ya 6400 kwenye boksi la skana bapa ni ya kuuzia, usiifuate. Mimi napimia jina la kanga. Tafuta slaidi ambayo kina mama wamesimama barazani na pindo la kanga linaonekana, iskani kwa 3000, halafu kwa 4000, ukuze mpaka uone maandishi. Kama herufi hazikuongezeka uwazi, lenzi ya zamani ndiyo iliyofika mwisho wake, na faili kubwa litakujazia diski bure.

Jina hilo lina kazi nyingine. Kanga mpya ilipotoka, mji mzima ulijua, na shangazi asiyekumbuka mwaka wa harusi anaweza kukumbuka ile doti ilitoka mwaka gani na nani aliinunua ili kumpiga nani kijembe. Fremu iliyopotea muhuri hupata tarehe yake hapo. Ndiyo maana nashikilia kwamba chochote unachofanya kwenye kompyuta kisiguse maandishi ya pindoni.

Hifadhi skani ya kwanza kama TIFF ya biti 16. Kwa doti 4000 ni kama megabaiti 128 kila moja, yaani slaidi mia hula gigabaiti 13. Diski ya nje siku hizi inazibeba bila shida. Faili hilo usilirekebishe kamwe. Kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Vumbi lililobaki lina mtego. Skana nzuri huangaza slaidi kwa miale ya infraredi, ambayo hupenya rangi za filamu lakini huzuiwa na vumbi, hivyo mashine hujua hasa uchafu uko wapi. Teknolojia ya Digital ICE hufanya hivyo. Inafaa sana kwa Ektachrome. Kwa filamu za nyeusi na nyeupe za kawaida, fedha iliyomo huzuia miale hiyo na mashine huiona picha yenyewe kuwa ni uchafu. Kodachrome nayo huisumbua. Kwa hizo, izime. Programu nyingine hazina infraredi, hubahatisha tu: chochote kidogo kinachotofautiana na kilichokizunguka hukifuta. Kipini cha puani huenda. Mitone ya kanga na shanga hufuata. Ni afadhali usafishe kwa mkono ndani ya GIMP, ambayo ni ya bure, kwa zana ya kuponya yenye alama ya plasta. Kuza hadi asilimia 100, safisha nyuso, kisha anga, na ukichoka acha. Vumbi kidogo kwenye majani ya mnazi halimdhuru mtu.

Rangi sasa. Ektachrome za zamani hugeuka nyekundu hata zikiwa gizani, kwa sababu rangi ya samawati-kijani ndiyo hufifia kwanza. Usivute kitufe cha rangi kwa ujumla. Fungua histogramu ya kila mkondo peke yake. Kwenye mkondo mwekundu utaona upande wa giza uko mtupu: sogeza alama nyeusi kulia mpaka mlima unapoanzia, na wekundu mwingi utaondoka papo hapo. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kijani na bluu. Kodachrome huvumilia gizani miongo mingi, lakini skana nyingi huitoa ikiwa na ubluu. Programu za VueScan na SilverFast zina mpangilio wake maalumu.

Kitufe cha kusahihisha chenyewe sikiamini, maana mara nyingi hugeuza ngozi nyeusi kuwa ya kijivu. Wala usichukue kanzu kama kipimo cha weupe: nyingine zilisuuzwa kwa bluu ya kufulia, nyingine zilikuwa za rangi ya maziwa tangu dukani. Tafuta saruji au lami, linganisha sehemu mbili tatu, halafu rudi kwenye nyuso.

Kuhusu akili mnemba ya kunoa sura, neno langu ni kali. Uso wenye pikseli arobaini hauna kope ndani yake, kwa hiyo programu huchora kope za mtu mwingine. Bibi anakuwa mzuri, ila si bibi. Jina la kanga nalo hugeuka mikwaruzo inayofanana na maandishi. Ukitaka kufanya kwa kujifurahisha, andika kwenye jina la faili kwamba imechorwa.

Majina ya watu yaandike ndani ya faili la nakala lenyewe, kwa programu kama digiKam, na unapotuma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha hubanwa na maelezo hupotea. Weka nakala tatu, moja katika nyumba nyingine. Slaidi zenyewe usitupe: ziingie kwenye mifuko ya polipropilini, si ya PVC, ndani ya boksi linalofungika vizuri lenye vipakiti vya silika, mbali na ukuta wa bafuni.