Kumbukumbu Inayosahau: Istilahi ndani ya Kikokotoo cha Grafu

Katika somo la istilahi tumezoea kuanza na neno, kisha kutafuta kitu. Hapa naanza na kitu chenyewe: kikokotoo cha grafu TI-83 Plus, kilichotolewa na Texas Instruments mwaka 1999 na kuenea katika madarasa ya Marekani. Ndani yake kuna prosesa Z80, ambayo kampuni ya Zilog iliitoa tangu 1976. Skrini ina nukta 96 kwa 64. Picha nzima inaenea katika baiti 768.

Lililonivutia ni kumbukumbu, kwa sababu ziko mbili na hazifanani. Ya kwanza ina kilobaiti 32, na mtumiaji anaachiwa takriban 24. Humo ndimo hesabu hufanyika. Inaishi kwa umeme: betri nne zikiisha, betri ndogo ya akiba huishikilia, nayo ikiisha, yote yamefutika. Ya pili, ya aina ya flashi, ina kilobaiti 512 na haihitaji umeme ili kutunza kitu. Lakini programu ambayo mwanafunzi ameiandika na kuiweka humo haiendeshwi ikiwa humo. Lazima kwanza irudishwe katika ile ya kwanza, kama mahindi ya ghalani yasiyotwangwa mpaka yafike kwenye kinu.

Tofauti hii si ya mafundi peke yao. Mwalimu anayefuta "kumbukumbu" kabla ya mtihani anaweza kuwa amefuta ya kwanza tu, na kanuni zote zimebaki salama katika ya pili.

Kifaransa, lugha ya masomo yetu, kinasema mémoire vive na mémoire morte. Tukitafsiri "hai" na "mfu" tunapotoka, maana flashi huandikwa upya. Napendekeza kumbukumbu kwa ile inayosahau (hata ya binadamu husahau), na hifadhi kwa ile inayotunza. Najua kwetu hifadhi ni Virunga na sokwe wake wa milimani; maana ni ileile, kulinda kitu kisipotee.

Kitenzi ndicho kigumu. Kikokotoo kina amri mbili zinazopingana: kupeleka programu hifadhini na kuirudisha. Kibantu kinatupa kinyume kwa -u-: funga, fungua; ziba, zibua. Hifadhi, neno la asili ya Kiarabu, halikubali mnyambuliko huo. Kwa sasa ninatumia fukia na fukua. Wenzangu wa darasa wanacheka, lakini hakuna aliyeniuliza maana yake.