Waifai ya chuo ikikugomea, usikimbilie ile tiki

Mdogo wangu, muhula ukianza tu, swali linalonifikia huwa lilelile. Simu yako imeshika eduroam, laptopu ya mwenzako chumbani yenye Windows imeshika, ila yako yenye Ubuntu inazungusha duara wee, halafu inakuomba nenosiri upya. Unaliandika polepole, herufi kwa herufi, inakuomba tena. Ndipo anatokea mtu mwenye nia njema kabisa, anakuelekeza: weka tiki hapo palipoandikwa "No CA certificate is required". Unaweka, inakubali, mnashangilia.

Hiyo tiki ndiyo imenifanya niandike leo. Naomba unisikilize hapo kwanza. Ya kadi na draiva tutayafikia.

Waifai ya nyumbani ina nenosiri moja la wote. Eduroam ni kitu kingine. Wazo lake lilitolewa mwaka 2002 na Klaas Wierenga, wa SURFnet ya Uholanzi: mwanafunzi aingie kwenye mtandao wa chuo chochote kwa akaunti ya chuo chake mwenyewe. Leo huduma hiyo iko katika zaidi ya nchi 100. Kenya inaratibiwa na KENET, Uganda na RENU, Tanzania na TERNET. Ukiwa mgeni mahali, ombi lako husafirishwa hadi seva ya chuo chako, na seva hiyo ndiyo inayojibu kama wewe ni wao au la. Nenosiri lako hupita ndani ya njia iliyosimbwa, chuo ulichokitembelea hakilioni. Ila njia hiyo inakulinda tu ikiwa upande wa pili ipo seva ya kweli, na laptopu haina namna nyingine ya kuijua isipokuwa cheti. Ukiweka tiki ile unaiambia: yeyote atakayejiita eduroam, mpe.

Na kujiita eduroam hakuhitaji ruhusa ya mtu. Mwenye nia mbaya anakaa kafeteria na kifaa cha bei ndogo, anakipa jina hilo, na laptopu yako inamwendea yenyewe hata hujagusa kitu. Kama chuo chako kinatumia TTLS yenye PAP, nenosiri linamfikia kama lilivyo. Kama ni PEAP yenye MSCHAPv2, ambayo utaikuta vyuo vingi, anachonasa kimesimbwa. Lakini mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kuwa usimbaji huo unaweza kuvunjwa ndani ya siku moja. Sasa hesabu akaunti hiyohiyo inakufungulia nini kingine. Barua pepe ya chuo, matokeo, usajili wa kozi, pengine hata taarifa zako za ada. Mtu akifanya jambo humo kwa jina lako, wewe ndiye utakayeitwa kujieleza, na mimi sitaki ufike huko kwa sababu ya kisanduku kimoja.

Njia salama wala si ndefu. Unganisha simu yako ya Android na laptopu kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kugawa intaneti kwa USB. Ubuntu huitambua bila kuongezewa chochote, na bando dogo linatosha. Fungua cat.eduroam.org, tafuta chuo chako, pakua kisakinishi cha Linux. Ni faili ya Python: unaiendesha kwenye terminali kwa kuandika `python3` na jina la faili, unajaza jina la mtumiaji na nenosiri, nayo inaweka cheti pamoja na jina la seva ambayo laptopu iikubali. Kabla ya hapo futa ule muunganisho wa zamani wenye tiki, usije ukabaki pembeni ukatumika tena bila wewe kujua.

Huenda chuo chako hakimo kwenye orodha hiyo. Basi nenda ofisi ya ICT, ila chunga unavyouliza. Ukifika na kusema "Linux yangu haishiki", unaweza kujibiwa kwamba hawahudumii Linux, ukatoka mikono mitupu. Uliza hivi: mnatumia njia gani ya uthibitishaji, ya nje na ya ndani? Naomba faili ya cheti cha CA. Seva inaitwaje? Kinachofuata baada ya alama ya @ kwenye jina langu ni nini? Maswali haya hayana Linux ndani yake. Fundi aliyeusimika mtandao huo anayo majibu, kwa kuwa ndiyo aliyoyatumia kuusimika. Andika kila kitu kama ulivyopewa, herufi kwa herufi, kisha ukijaze kwenye dirisha la muunganisho.

Bado inagoma? Usiendelee kubahatisha. Linux ina tabia moja ninayoipenda sana: haifichi kilichotokea. Jaribu kuunganisha mara moja, halafu andika `journalctl -b -u NetworkManager -u wpa_supplicant` na usome mistari ya mwisho. Ukiona EAP-FAILURE bila malalamiko yoyote ya cheti, anza kulishuku jina la mtumiaji. Namba ya usajili peke yake haitoshi. Bila @ na kikoa cha chuo, ombi lako halina anwani ya kwenda, na hata kama linakubalika ukiwa kwenu, ukitembelea chuo kingine litakwama.

Ukikuta maneno "certificate is not yet valid", tazama saa ya laptopu. Hili linawapata sana wenye laptopu za mtumba, na ndizo wengi wetu tunazozimudu. Betri ndogo inayotunza saa ikifa, mashine ikizimwa inarudi nyuma miezi au miaka, na cheti kilichotolewa juzi kinaonekana hakijaanza kutumika. Saa hurekebishwa kupitia intaneti, na intaneti ndiyo hiyo inayokukataa. Zima tarehe ya kujiweka yenyewe, iweke kwa mkono, unganisha upya. Kisha mpelekee fundi akubadilishie betri; si gharama kubwa.

Kuna na ujumbe wa "unsafe legacy renegotiation disabled". Huo ulianza kuwasumbua watu na Ubuntu 22.04, iliyokuja na OpenSSL 3, toleo linalokataa kuzungumza na seva zenye utaratibu wa zamani. Sasisha mfumo wako kwanza kwa intaneti ya simu. Ukiendelea kuuona, unakili mstari huo ulivyo uwapelekee ICT, maana hapo kilichochakaa ni seva yao, na wewe umewasaidia kujua.

Kama laptopu haioni waifai yoyote, hata ya jirani, tatizo liko kabla ya haya yote. Andika `rfkill list`. "Hard blocked: yes" ni swichi ya pembeni au kitufe cha kibodi, "Soft blocked: yes" huondoka kwa `rfkill unblock wifi`. Kadi za Broadcom, ambazo zimo kwenye MacBook nyingi za zamani, mara nyingi huhitaji draiva ya ziada: iunganishe tena simu kwa USB, fungua "Additional Drivers", sakinisha. Ukiombwa kutunga nenosiri la Secure Boot, liandike mahali, na mashine ikiwaka upya na skrini ya buluu chagua "Enroll MOK". Wengi huiruka skrini hiyo kwa woga, halafu draiva haipakiwi nao hawajui kwa nini.

Na kama mtandao wa chuo ni ule wa kufungua ukurasa wa kuingilia na ukurasa hauji, zima VPN, ondoa DNS uliyoiweka kwa mkono, kisha fungua http://neverssl.com.

Jambo la mwisho linahusu siku utakayobadilisha nenosiri. Laptopu na simu zitaendelea kulituma lile la zamani kimyakimya, na vipo vyuo vinavyofunga akaunti baada ya majaribio kadhaa mabaya. Futa eduroam kwenye kila kifaa chako kwanza, badilisha nenosiri, ndipo uunganishe tena, kwa kisakinishi kilekile na cheti chake.