Mpanda Farasi Mkali

Robert Schumann alikuwa mtunzi wa muziki wa Ujerumani. Alizaliwa mwaka 1810, akafa mwaka 1856. Katika ujana wake alitamani sana kuwa mpigaji mashuhuri wa piano, yaani kinanda kikubwa chenye nyuzi za chuma zipigwazo na nyundo ndogo. Lakini kidole kimoja cha mkono wake wa kuume kiliharibika, wala hakikupona, na tumaini lile likamtoka. Basi alishika kalamu, akatunga nyimbo za kupigwa na wengine.

Mwaka 1848 alitunga nyimbo fupi zisizo na maneno, za kuwafundishia watoto. Za kwanza alimpa binti yake Marie alipotimiza miaka saba. Kitabu kilipotolewa kilikuwa na nyimbo 43, na mojawapo huitwa "Mpanda Farasi Mkali".

Mwanafunzi aliyekwisha kujua misingi ya piano huupenda wimbo huu mara ausikiapo, kwa kuwa una mbio kama mlio wa kwato. Naye hutaka kuupiga upesi siku ile ile. Mara vidole hukwaana, farasi akaanguka pamoja na mpandaji wake!

Mwalimu mwenye hekima hufanya hivi. Kwanza humwambia mwanafunzi apige makofi akihesabu moja hata sita, akikaza ya kwanza na ya nne. Kisha mkono wa kuume hujifunza peke yake, polepole. Kidole hugusa kibao na kuondoka mara moja, kama kilichogusa kaa la moto. Baadaye hujifunza mkono wa kushoto, nao usidharauliwe, maana katikati ya wimbo sauti ya kuongoza huhamia kwake, na mkono wa kuume huitikia kwa upole. Mikono ikisha kupatana, ndipo mwendo huongezwa kidogo kidogo, siku hata siku. Kifundo cha mkono kisikazwe. Na mkono ukiuma, mwanafunzi apumzike. Schumann mwenyewe aliijua hasara ya mkono ulioharibika.

Mwenda pole hajikwai. Farasi huyu humkimbilia vizuri yule aliyekubali kwanza kumtembeza.

Maswali
1. Kwa nini Schumann hakuwa mpigaji mashuhuri wa piano?
2. Mkono wa kushoto hupata kazi gani katikati ya wimbo?
3. Eleza kazi nyingine inayoharibika ikianzwa kwa haraka.