Somo la 21: Safari Ndefu kwa Gari la Umeme

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba betri huhifadhi nguvu za umeme. Ulifungua tochi, ukatazama mawe yake, ukaona jinsi taa inavyofifia mawe yanapokaribia kwisha. Sasa fikiri juu ya betri kubwa yenye uzito wa kilo 300 au zaidi, iliyolazwa chini ya sakafu ya gari. Betri hiyo huendesha mota, na mota huzungusha magurudumu. Gari hilo halina tangi la petroli wala bomba la moshi. Ni gari la umeme.

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Dodoma husafiri kilometa zipatazo 450. Dereva akiona mafuta yanapungua, huingia katika kituo cho chote kilicho njiani, hujaza tangi kwa dakika chache, kisha huendelea na safari. Dereva wa gari la umeme hawezi kusafiri hivyo. Kabla ya kuondoka inampasa kujua betri ina umeme kiasi gani, barabara itakula kiasi gani, na mahali gani ataongeza mwingine. Asipojua, gari litasimama njiani, wala hakuna mtu atakayemletea umeme katika dumu.

Jambo hili si geni katika historia ya magari. Mwezi wa Agosti, 1888, huko Ujerumani, mama mmoja aitwaye Bertha Benz aliondoka mji wa Mannheim pamoja na wanawe wawili kwenda Pforzheim, mwendo wa kilometa 100 hivi. Walisafiri kwa gari la petroli lililoundwa na mumewe, Carl Benz. Vituo vya mafuta havikuwako bado. Mafuta yalipopungua, mama huyo alisimama katika mji wa Wiesloch akanunua mengine katika duka la dawa, maana siku zile mafuta ya namna hiyo yaliuzwa humo kwa ajili ya kusafishia nguo.

Kupima umeme wa gari

Nyumbani, watu wanaponunua umeme wa LUKU huuhesabu kwa uniti. Uniti moja ni kilowati-saa moja. Uniti moja huweza kuwasha taa ya wati 10 kwa muda wa saa 100.

Umeme wa gari nao hupimwa vivyo hivyo. Katika somo hili tutatumia gari ambalo betri yake, ikijaa, huwa na uniti 60. Wakati wa joto, katika barabara ya tambarare, gari hilo huenda kilometa 6 kwa uniti moja. Wakati wa baridi kali huenda kilometa 4 tu. Piga hesabu mwenyewe: betri iliyojaa italifikisha gari kilometa ngapi wakati wa joto? Na wakati wa baridi?

Bila shaka umeshangaa. Gari ni lile lile, na betri ni ile ile. Kwa nini baridi ilipunguze safari kwa kilometa 120? Fanya jaribio lifuatalo.

Jaribio la 1. Tafuta tochi yenye mawe yaliyokaribia kwisha. Asubuhi mapema, kabla ya jua kuwa kali, iwashe ndani ya chumba chenye giza. Uangalie vizuri mwanga wake, kisha uizime. Toa mawe, yaanike juani kwa saa mbili, kisha yarudishe na uwashe tena. Umeona nini? (Usiyaweke mawe motoni kamwe. Yaweza kupasuka na kukuumiza.)

Mara nyingi mwanga wa mara ya pili huzidi kidogo ule wa asubuhi. Wazee wenye redio za mawe wanaijua siri hii tangu zamani. Jua halikutia nguvu mpya ndani ya mawe. Lilizipasha joto kemikali zilizomo, nazo zikafanya kazi kwa urahisi zaidi. Betri ya gari ina kemikali nyingine, lakini nayo huzubaa ikipata baridi.

Iko sababu ya pili. Injini ya petroli hutoa joto jingi lisilo na kazi, na joto hilo huelekezwa ndani ya gari ili kuwapasha abiria. Mota ya umeme haipati moto kiasi hicho. Kwa hiyo umeme wa kuwapasha abiria joto lazima utoke katika betri ile ile inayoendesha magurudumu.

Kwa nini betri haijai kwa haraka?

Jaribio la 2. Chukua pampu na baiskeli ambayo gurudumu lake halina upepo. Anza kujaza huku ukihesabu. Mara kumi za kwanza mkono wako hushuka bila taabu. Endelea mpaka gurudumu liwe gumu. Je, mara kumi za mwisho ni rahisi kama zile za kwanza? Gusa sehemu ya chini ya pampu. Utaona kuwa imepata joto.

Hewa si umeme, lakini jaribio hili litakusaidia kuelewa. Ndani ya betri ya gari mna chembe ndogo mno za lithiamu. Wakati wa kuchaji, chembe hizo hutoka upande mmoja wa betri na kwenda kukaa upande wa pili, kama abiria wanaoingia ndani ya basi. Abiria wa kwanza hupata viti mara moja. Wale wa mwisho hutafuta nafasi kwa shida, na konda akiwasukuma kwa nguvu wataumizana. Vivyo hivyo betri iliyokaribia kujaa ikilazimishwa kupokea umeme kwa kasi hupata joto na kuharibika. Ndiyo sababu magari haya yameundwa yapunguze yenyewe kasi ya kupokea umeme, hasa betri inapopita kiasi cha asilimia 80.

Kwa gari letu, tuseme katika kituo cha kuchaji kwa haraka betri hupanda kutoka uniti 6 hadi uniti 48 kwa nusu saa. Hizo ni uniti 1.4 kwa kila dakika. Lakini kutoka uniti 48 hadi 60 huchukua nusu saa nyingine. Yakumbuke sana maneno haya, kwa maana tutayahitaji mlimani.

Safari ya Oslo hadi Trondheim

Twende sasa katika nchi ya Norwei, kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 2024, katika kila magari mapya 10 ya abiria yaliyouzwa nchini humo, karibu 9 yalikuwa ya umeme. Umeme wao mwingi hutokana na nguvu za maji, kama ule wa Kidatu na Mtera. Baridi yao lakini haifanani na yetu. Mwezi wa Januari, katika milima ya Dovrefjell, huweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri, na theluji hufunika kila kitu.

Wewe ndiwe mpangaji wa safari. Ni Januari. Ndani ya gari wamo baba, mama na watoto wawili. Wanatoka Oslo, mji mkuu, wanakwenda Trondheim kwa barabara kuu iitwayo E6. Kuna kilometa 180 hivi kutoka Oslo hadi Lillehammer, 150 kutoka Lillehammer hadi Dombås, 80 kutoka Dombås hadi Oppdal, na 120 kutoka Oppdal hadi Trondheim. Miji yote hiyo ina vituo vya kuchaji. Weka sharti moja: gari lisifike kituo cho chote likiwa na uniti chini ya 6. Hizo ni akiba.

Betri ilichajiwa nyumbani usiku kucha, kwa hiyo wanaondoka Oslo na uniti 60. Kilometa 180 zitakula uniti 45. Wanafika Lillehammer na uniti 15. Hapo wanachaji mpaka 48, yaani dakika 24 hivi, muda wa kunywa chai na kujinyoosha. Wasingoje betri ijae. Ukipima kwa saa utaona kwamba uniti 12 za mwisho ni za taabu kuliko 33 zile zilizotangulia.

Kutoka Lillehammer hadi Dombås barabara hufuata bonde la Gudbrandsdalen. Hapo hapana hatari kubwa, kwa sababu ipo miji midogo ya Ringebu, Vinstra na Otta, nayo ina vituo vya kuchaji. Kituo kimoja kikiharibika au kikiwa na foleni, wataingia kingine. Uniti 37 na nusu zitatumika. Wanafika Dombås na uniti 10 na nusu.

Sasa tumefika mahali pagumu. Mbele yao kuna kilometa 200 hadi Trondheim. Wakichaji mpaka uniti 48, kama walivyofanya Lillehammer, watakwenda kilometa ngapi? Watakwenda 192. Gari litazimika kilometa 8 kabla ya kufika, usiku, katika theluji.

Tena Dombås iko mita 660 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara hupanda hadi mita 1,026 karibu na Hjerkinn. Kuliinua gari la tani 2 hutumia uniti moja kwa kila mita 180 hivi. Basi, mlima peke yake utakula uniti 2 zaidi.

Labda umekumbuka kwamba baada ya kupanda kuna kushuka. Umefikiri vema. Umepata kuona baiskeli yenye dainamo? Gurudumu huizungusha, nayo huwasha taa. Mota ya gari la umeme hugeuka kuwa dainamo wakati wa mteremko. Magurudumu huizungusha, nayo hurudisha umeme katika betri. Lakini haurudi wote, na upepo wa mbele waweza kukula faida hiyo yote. Mpangaji mwangalifu hautii umeme wa mteremko katika hesabu yake. Akiupata, ashukuru.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kungoja Dombås mpaka betri iwe na uniti 58: 50 za barabara, 2 za mlima na 6 za akiba. Kupanda kutoka 10 na nusu hadi 48 ni dakika 27. Kutoka 48 hadi 58 ni dakika nyingine 25, kwa kuwa sasa betri inapokea polepole. Jumla ni dakika 52.

Njia ya pili ni kusimama mara mbili. Safari ya kwenda Oppdal yahitaji uniti 20, na 2 za mlima, na 6 za akiba, yaani 28. Tuseme wachaji mpaka 30. Hizo ni dakika 14. Watafika Oppdal na uniti 8, na huko watachaji mpaka 36, dakika 20. Jumla ni dakika 34. Kusimama mara mbili kumewaokolea dakika 18!

Hata hivyo, uniti 30 hazitoshi kwa mlima huo. Kati ya Dombås na Oppdal makazi ni machache sana. Tufani ya theluji ikivuma juu ya Dovrefjell, magari huzuiwa, kisha huvushwa kwa msafara nyuma ya gari la kuondolea theluji. Mara nyingine barabara hufungwa kabisa. Gari likisimama katika baridi hiyo, kuwapasha abiria joto hutumia uniti 1 au 2 kwa saa. Wakingoja saa tatu, hata uniti 6 zaweza kwenda, na akiba itaguswa. Watoto wawili wamo ndani.

Kwa hiyo sisi tungechaji Dombås mpaka 36. Je, tutachelewa? Fanya hesabu. Kutoka 10 na nusu hadi 36 ni dakika 18. Kama hakuna tufani, watafika Oppdal na uniti 14, na kuzifikisha 36 kutachukua dakika 16. Jumla ni dakika 34, sawa na hapo awali. Uniti zisizotumika mlimani hazikupotea, bali zimesafiri pamoja nao hadi Oppdal.

Na ikiwa umeme unapungua kuliko ulivyotazamia, na kituo kiko mbele? Punguza mwendo. Kadiri gari linavyokwenda kasi ndivyo hewa inavyolipinga kwa nguvu zaidi, na kuishinda hewa hutumia umeme mwingi.

Maswali na kazi

1. Kwa nini gari la umeme huenda kilometa chache zaidi wakati wa baridi? Toa sababu mbili.

2. Siku moja kituo cha Oppdal hakifanyi kazi, na habari hiyo imejulikana wakati familia ingali Dombås. Panga upya safari yao. Wataondoka Dombås na uniti ngapi, na baada ya dakika ngapi?

3. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilometa 190 hivi, na kutoka Morogoro hadi Dodoma ni 260 hivi. Tuseme unasafiri kwa gari letu wakati wa joto, umeondoka Dar es Salaam na uniti 60, na Morogoro pana kituo cha kuchaji kwa haraka. Utafika Morogoro na uniti ngapi? Ukichaji hapo mpaka 48, je, utafika Dodoma na akiba yako ya uniti 6? Kumbuka kwamba Dodoma iko juu kuliko Morogoro kwa mita zipatazo 600. Zungumza na wenzako mtakavyofanya, kisha mweleze mwalimu.