Vidokezo 6 vya kutunzwa mtandaoni bila kuona haya

Kwenye taarabu, mwimbaji akikugusa hungoji kuombwa. Unainuka na noti yako, unajongea kwa madaha hadi jukwaani, unamtunza, unarudi kitini. Hakuna anayemwona mwimbaji ni ombaomba. Wewe unayerekodi mapishi, kusimulia hadithi au kufundisha hesabu kwa simu, watazamaji wako wako Mwanza, Mombasa, hata Muscat. Wanataka kuinuka, ila hawalioni jukwaa. Twende!

1. Jina likija, liwe lako

Anayetuma hela kwa simu huona jina la mpokeaji kabla hajakamilisha muamala. Mimi nilipoanza, laini yangu ilikuwa na jina la mjomba. Watu wananijua kama dada wa maandazi, mara linatokea jina la mzee wasiyemjua! Kwa jinsi tulivyochoshwa na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", nani angeendelea? Sajili laini kwa jina lako, na kila unapoweka namba andika pembeni jina litakalokuja, hasa kama mtandaoni unatumia jina la utani.

2. Mfuko wa kazi, mbali na wa nyumbani

Usitangaze namba ambayo mama mkwe anakupigia. Ikishasambaa itaita saa nane za usiku, na si kila mpigaji ana heri. Tafuta laini ya pili au namba ya malipo: Tanzania kuna lipa namba, Kenya kuna till na Pochi la Biashara. Hela ya mashabiki haitachanganyika na ya gesi, na siku mtu wa kodi akiuliza, hutababaika.

3. Anza na mlango wa kutokea

Tovuti za mashabiki kuchangia, kama Patreon, iliyoanzishwa 2013, na Buy Me a Coffee, zinapendeza macho. Lakini kabla ya kuhangaika na picha ya ukurasa, uliza: hela itanifikiaje mkononi? Kuna nchi ambazo PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, inakuruhusu kulipa tu, kupokea hapana. Kenya wana nafuu, tangu 2018 wanaweza kuhamisha kutoka PayPal kwenda M-Pesa. Kwako mlango umefungwa? Baki na namba ya simu. Shabiki wa London hakosi shangazi Temeke wa kumtumia kwa niaba yake.

4. Taja kitu, taja bei

"Nichangieni chochote" humpa mtu kazi ya kufikiri: mia tano ni aibu, elfu kumi sina, basi niache. Mimi husema, "Ukiyapenda maandazi, niongezee unga, shilingi 2,000." Hapo mkono unakwenda wenyewe. Halafu usikimbilie kwa wakala kila ikiingia, makato yataumaliza huo unga. Iache irundikane, au nunulia vitu moja kwa moja kwa simu.

5. Meseji si hela

Hapa weka simu chini unisikilize. Siku utakapoweka namba hadharani, atatokea mtu: "Dada, nimekosea, nimekutumia 50,000 badala ya 5,000, naomba unirudishie." Na meseji ya muamala utaiona, imepangwa vizuri kuliko hata zile za kweli. Usibishane naye, wala usimtumie kitu. Fungua menyu uangalie salio. Kama hela haipo, mchezo umeisha. Kama ipo kweli, mwambie awapigie huduma kwa wateja wa mtandao wake, wao ndio watakaourudisha muamala. Na namba ya siri? Kupokea hela hakuhitaji namba ya siri. Anayekuuliza ni mwizi, hata akijiita meneja.

6. Shukrani isilale

Sauti ya sekunde kumi kwenye WhatsApp inatosha: mtaje jina, cheka kidogo. Kumtangaza mbele ya watu, muulize kwanza, maana wapo waliotuma mwenzi wao akiwa hajui! Na usibandike picha ya muamala yenye namba yake ya simu.

Basi jioni hii azima simu ya jirani, jitumie 1,000 uone linakuja jina gani. Likija la mjomba, rudi kidokezo cha kwanza.