MADA: KUONGEZA NYUGA KWENYE LOGI ZA LINUX

Logi ni kumbukumbu ya matukio inayoandikwa na kompyuta. Katika mifumo mingi ya Linux, logi za huduma hutunzwa na programu iitwayo journald, ambayo ni sehemu ya systemd.

Kwa nini nyuga?

Chukua mfano wa shule ambayo skripti yake hunakili mafaili ya alama kila usiku. Nakala ya Hisabati ikishindikana, skripti moja huandika "haikukamilika", nyingine "imeshindikana". Mwalimu anayetafuta neno moja atakosa tukio la pili, na diski ikiharibika, alama za wanafunzi zitapotea. Sentensi humsaidia msomaji; uga huisaidia kompyuta kutafuta. Uga una jina na thamani, kwa mfano SHULE_SOMO=Hisabati.

Mfano wa skripti

```
#!/bin/bash
SOMO=Hisabati
if ! cp "/alama/$SOMO.csv" /nakala/
then
logger --journald <<MWISHO
MESSAGE=Nakala ya alama haikukamilika
PRIORITY=3
SHULE_KIDATO=4
SHULE_SOMO=$SOMO
MWISHO
fi
```

Maelezo

(i) Amri `logger --journald` husoma mistari inayofuata. Kila mstari ni uga mmoja.
(ii) MESSAGE ni ujumbe wa kusomwa na mtu.
(iii) PRIORITY ni uzito wa tukio, kuanzia 0 (dharura) hadi 7 (taarifa za kusaka hitilafu). Namba 3 ni kosa.
(iv) SHULE_KIDATO na SHULE_SOMO ni nyuga tulizozibuni wenyewe.

Kanuni za jina la uga

1. Tumia herufi kubwa, tarakimu na mstari wa chini tu.
2. Jina lisianze na tarakimu.
3. Jina lisianze na mstari wa chini. Majina hayo, kama _PID, huwekwa na journald yenyewe ili skripti isiweze kuyaghushi.
4. Jina lisizidi herufi 64.

Kutafuta

```
journalctl SHULE_KIDATO=4 SHULE_SOMO=Hisabati
```

Nyuga mbili tofauti humaanisha "na": tukio lazima litimize zote mbili. Uga uleule ukirudiwa kwa thamani mbili, humaanisha "au". Ili kuona nyuga zote za tukio, ongeza `-o verbose`.

Zingatia: Watahiniwa wengi huandika jina la uga kwa herufi ndogo. Uga wa namna hiyo hupuuzwa, lakini ujumbe wenyewe huandikwa kama kawaida, hivyo kosa halionekani mapema. Thamani nayo lazima ilingane kabisa: "hisabati" si sawa na "Hisabati".

Swali la mazoezi

Mwanafunzi aliandika nyuga hizi: `_SOMO=Fizikia`, `somo=Fizikia`, `4SOMO=Fizikia`.
(a) Eleza kosa katika kila uga. (alama 3)
(b) Andika amri ya kutafuta matukio ya Fizikia au Kemia kwa uga SHULE_SOMO. (alama 2)

Majibu

(a) Wa kwanza umeanza na mstari wa chini. Wa pili una herufi ndogo. Wa tatu umeanza na tarakimu.
(b) `journalctl SHULE_SOMO=Fizikia SHULE_SOMO=Kemia`