Sahihi ya Kidijitali Si Picha ya Sahihi Yako

Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Malaba, madereva wakisubiri vyeti vya kupimwa. Afisa wa upande wa pili angejuaje kwamba cheti kimetoka maabara halali na hakikuchapishwa kibandani? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki ili cheti cha nchi moja kitambulike nchi nyingine. Swali hilo lingali nasi Busia na Malaba kila siku, kwa ankara, vyeti vya asili ya bidhaa na barua za mawakala wa forodha.

Wengi hudhani sahihi ya kidijitali ni picha ya sahihi ya kalamu iliyobandikwa kwenye waraka. Sivyo. Picha hiyo yeyote mwenye simu anaweza kuikata na kuibandika kwingine, pamoja na muhuri wake.

Sahihi ya kidijitali hutumia funguo mbili zinazokwenda pamoja. Ufunguo wa siri hukaa kwa mwenyewe peke yake. Ufunguo wa wazi hupewa yeyote. Unapotia sahihi, kompyuta husoma waraka wote, huufupisha kuwa namba moja ndefu, kisha huifunga namba hiyo kwa ufunguo wa siri. Mpokeaji huhakiki kwa ufunguo wa wazi. Tuseme ankara ilitiwa sahihi ikiwa na magunia 40 ya mahindi, kisha mtu njiani akaandika 400. Sufuri moja tu, na namba hazilingani tena: mfumo utaonyesha kwamba waraka umeguswa.

Na ufunguo wa wazi ni wa nani? Hilo huelezwa na cheti cha kidijitali, kinachotolewa na mtoa huduma mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Sheria yetu inatambua sahihi za kielektroniki tangu 2009, na marekebisho ya 2020 yakapanua matumizi yake katika mikataba. Wosia, hata hivyo, haumo.

Tusiisifu kupita kiasi. Haifichi yaliyoandikwa, wala haithibitishi kuwa magunia ni 40 kweli. Inaonyesha tu ni nani aliyesema hivyo. Ndiyo maana kumwachia wakala ufunguo wako na nenosiri ni hatari: akitia sahihi, itaonekana ni wewe. Ukiupoteza, mjulishe aliyekupa cheti siku hiyo hiyo ili kifutwe. Na ukitumiwa picha ya waraka kwa WhatsApp, omba faili yenyewe, kwa sababu kwenye picha hakuna sahihi ya kuhakiki.